Kama mshahara ni wa mkononi, barua iseme ni wa mkononi

Wadogo zangu wa Masisi na Walikale, leo tuongee juu ya barua ya kazi, ile atestasyo ambayo ubalozi unataka kuiona kabla haujakupa viza. Maswali yenu yanafanana hata kama hamjuani. Muuguzi wa Mweso amealikwa Ubelgiji kwenye mafunzo. Mwalimu wa Nyabiondo anataka kwenda Lyon kumwona dada yake aliyejifungua. Fundi wa mitambo wa Walikale ana kaka Canada ambaye amemwita aje kumtembelea. Wote watatu wanafanya kazi kweli, wanalipwa kweli, na wote wanauliza jambo lilelile: "Yaya, nitaonyesha nini, na pesa yenyewe ninahesabiwa mkononi?"

Wengine wenu mmeshapewa jibu mtaani kabla ya kuniandikia. Mnaambiwa mtafute kijana mwenye kompyuta na kichwa cha barua cha kampuni kubwa, aandike kwamba unalipwa dola 1,200 kwa mwezi, apige muhuri, mambo yaishe. Nianze na hapo, kwa sababu hapo ndipo naona watu wangu wanapotea.

Canada ikikukuta umeleta karatasi ya uongo, inakufungia mlango kwa miaka 5. Uingereza inakufungia miaka 10. Marekani haina hesabu ya miaka: anayesema uongo kwenye jambo kubwa la ombi lake anazuiwa maisha yake yote, labda apate msamaha wa pekee, na msamaha huo haupatikani kwa urahisi. Nchi za Schengen zinachukua alama za vidole vyako vyote kumi na kuziweka kwenye mtandao wao wa pamoja kwa karibu miaka 5, pamoja na jibu ulilopewa na sababu yake. Ukikataliwa na Wabelgiji kwa karatasi ya kughushi, usidhani Wafaransa hawataona. Wanaona.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wanaonunua karatasi hizo wana kazi halali kabisa. Mtu anaacha mshahara wake wa kweli wa dola 300, alioutolea jasho kwa miaka sita, anakwenda kununua mshahara wa uongo wa dola 1,200 uliotungwa jana. Anaona aibu kwa sababu pesa yake ni kidogo na hailipwi benki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwenye habari ya viza ndivyo ilivyo. Sema unavyolipwa. Sema na kwa nini unalipwa hivyo. Kisha weka nyuma ya maneno hayo kila alama ambayo pesa hiyo imeacha.

Mjue kwanza barua yenu inasomwaje. Ofisa wa viza haisomi peke yake. Anaiweka pembeni ya fomu uliyojaza, pembeni ya fishi za mshahara za miezi mitatu, pembeni ya karatasi ya benki au ya simu, na pembeni ya tarehe zako za safari. Anatafuta kama vitu hivyo vinaongea lugha moja. Fomu inasema umeanza kazi 2019, barua inasema 2021: tayari umempa kazi ya kuwaza. Barua inasema dola 500, simu inaonyesha 400 na kitu kila mwisho wa mwezi: atawaza tena, kumbe tofauti hiyo ni makato tu. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, halafu kodi ya mshahara, ndiyo maana kinachofika si kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Barua ikitaja ghafi na ikataja pia kinachofika mkononi, shaka hiyo imekwisha kabla haijaanza.

Halafu anapiga simu. Si kila mara, lakini anapiga. Hapo watu wa kwetu wanaumia bila kosa. Barua inatoka Masisi-centre, namba iliyo chini yake ni ya mkubwa wa ofisi ambaye yuko Nyabiondo bila mtandao, au simu yake imepotea kwenye mbio za Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma. Ofisa anapiga mara mbili, hakuna anayepokea, anaandika kwamba habari za kazi hazikuthibitika. Kwa hiyo muombe mwajiri aweke namba mbili, na moja iwe ya mtu aliye mahali penye mtandao wa uhakika na anayejua jina lako. Mashirika mengi yalihamisha watu wao baada ya Goma kuanguka, hata serikali ya jimbo ilikwenda Beni. Kama mratibu wako sasa yuko Beni au Kinshasa, yeye ndiye asaini au athibitishe, na barua pepe iwe ya shirika, si ile ya bure aliyojifungulia mwenyewe.

Sasa benki. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na wengi mliokuwa mnashuka kuchukua mshahara Goma mkabaki na simu tu, M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, pamoja na kamisheni za kutolea pesa ambazo sote tunazijua. Ofisa aliyeko Kinshasa anaona karatasi ya benki inayokatika ghafla mwezi wa kwanza, na baada ya hapo ni weupe. Anaweza kudhani umefukuzwa kazi. Hajui mambo ya mitaa ya Goma kama Katindo au Birere, na si kazi yake kubahatisha. Sentensi moja kwenye barua inatosha kumweleza.

Barua yenyewe itaandikwa kwa Kifaransa, lakini nakupa maneno yake kwa Kiswahili ili ukienda kwa mkubwa wa wafanyakazi ujue unaomba nini hasa:

"Tunathibitisha kwamba Bibi Fulani, aliyezaliwa tarehe hii, mwenye pasipoti namba hii, anafanya kazi kwetu kama muuguzi huko Mweso tangu tarehe 4 Machi 2019, kwa mikataba iliyofuatana bila kukatika. Mkataba wake wa sasa unaisha tarehe hii. Mshahara wake ghafi ni dola za Marekani 480 kwa mwezi. Baada ya makato ya CNSS na ya kodi anapokea kiasi hiki. Hadi Januari 2025 alilipwa kwenye akaunti ya benki. Tangu benki za Goma zilipofungwa analipwa taslimu kwa kusaini listi ya malipo, au kwa simu yenye namba hii iliyoandikishwa kwa jina lake. Amepewa likizo yenye malipo kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, na anatakiwa kuwa kazini tarehe hii."

Chini yake jina zima la anayesaini, cheo chake, tarehe, muhuri, na namba za shirika au kampuni: ya RCCM (daftari la biashara) kama ni biashara, ya kodi, na ya mwajiri kule CNSS. Haizidi ukurasa mmoja. Haina sifa nyingi. "Mfanyakazi hodari, mwaminifu, mcha Mungu" hayo ni ya barua ya harusi. Hapa tunataka tarehe na hesabu.

Nikae kidogo kwenye ile sentensi ya mikataba iliyofuatana, kwa sababu inawakuta karibu wote mnaofanya kazi ONG. Mikataba yenu ni ya miezi mitatu, sita, ukibahatika mwaka. Muuguzi wangu wa Mweso anasafiri Februari, mkataba wake unaisha Machi. Kwa macho ya ofisa, huyo ni mtu ambaye mwezi mmoja baada ya kurudi hana kazi, basi kwa nini arudi? Lakini ukweli wa maisha yake ni mwingine: amesaini mikataba zaidi ya kumi na shirika lilelile, mmoja ukiisha mwingine unaanza. Ukweli huo hauonekani kwenye mkataba wa sasa peke yake. Barua lazima ihesabu tangu siku ya kwanza, na wewe uambatanishe nakala za mikataba ya zamani, hata ile iliyochakaa. Kama mwajiri anakusudia kuongeza mkataba, aandike anakusudia. Kama hana uhakika, asiandike, na wewe usimlazimishe. Historia ya miaka sita inaongea vya kutosha.

Na likizo. Sheria yetu ya kazi ya Oktoba 2002 inampa mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, na siku moja zaidi kila anapofikisha miaka mitano kwa mwajiri huyo. Mashirika mengine yanatoa zaidi. Lakini mtu akiomba viza ya siku 90, na barua yake inasema yuko "kwenye likizo ya mwaka" kwa siku zote hizo 90, anayejua kusoma anauliza: ni kazi gani hii inayomwachia mtu miezi mitatu na mshahara juu? Omba siku unazoweza kupewa kweli. Wiki tatu zinazoaminika ni bora kuliko miezi mitatu inayokataliwa. Dada yako wa Lyon atafurahi kukuona wiki tatu kuliko kutokukuona kabisa.

Swali lingine linalowachanganya: mwajiri wangu ni nani? Wa afya, sikilizeni. Unafanya kazi kwenye kituo cha serikali, labda zone de santé ya Masisi, Katoyi, Kirotshe, au Pinga na Itebero upande wa Walikale. Pesa yako inatoka mifuko kadhaa: mshahara wa serikali kama umeandikishwa, na wengi hamjaandikishwa, prime ya hatari, na prime ambayo shirika la kigeni linatoa kwa muda linapounga mkono hospitali. Halafu kuna mgao wa mapato ya wagonjwa. Wengi mnakimbilia shirika la kigeni kuomba atestasyo kwa sababu jina lake linajulikana Ulaya. Shirika hilo likikuambia hapana, usikasirike. Halikukuajiri, linakuongezea tu. Barua yako ya kazi inatoka kwa daktari mkuu wa zone au kwa mkurugenzi wa hospitali, naye ataje kila mfuko mbali: serikali kiasi hiki, prime kiasi hiki, mgao kwa wastani kiasi hiki. Kisha uliombe shirika karatasi ndogo tu ya kuthibitisha kwamba tangu mwezi fulani linakulipa prime ya kiasi fulani. Hilo wanaweza, na wakilitoa linaipa nguvu barua ya zone.

Walimu, nanyi ni hivyohivyo. Mkurugenzi wa shule anaweza kusema unafundisha darasa la tano, lakini anayeshika habari ya mshahara wako si yeye. Barua nzuri inatoka kwa msimamizi wa mtandao wa shule, koordinasyo ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, au su-divisheni kama shule ni ya serikali, ikiwa na namba yako ya matirikile ileile iliyoko kwenye listi ya malipo ya DINACOPE, zamani SECOPE. Vijijini ambako benki haifiki wengi mmelipwa kwa njia ya Caritas; basi barua iseme Caritas. Si jambo la kuficha, ni utaratibu wa serikali yenyewe. Na nyie wa Nouvelles Unités ambao mnafundisha na serikali haijaanza kuwalipa, pole sana, najua uchungu wake. Kwenu siwezi kusema muandike mshahara ambao haupo. Andikeni kazi iliyopo na tarehe mliyoanza, kisha mapato yenu myaonyeshe kwa njia nyingine: shamba, duka la mke au mume, au mdhamini.

Kwa anayelipwa taslimu, karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ile ambayo watu wanaisahau, listi ya malipo yenyewe. Kila mwisho wa mwezi unapanga foleni mbele ya mhasibu, unaona jina lako kwenye mstari, kiasi, na nafasi ya kusaini. Wengine wanaweka kidole gumba. Hiyo ni fishi ya mshahara, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Muombe mhasibu akutolee nakala ya ukurasa wenye mstari wako kwa miezi mitatu hadi sita ya mwisho, afunike majina ya wenzako kwa karatasi nyeupe wakati wa kupiga fotokopi, kisha aandike chini "nakala inayolingana na halisi", asaini na kupiga muhuri. Kufunika majina ya wengine ni heshima, na tena ni usalama wao. Katika hali ya sasa listi ya watu na mishahara yao haifai kutembea mifukoni.

Anayelipwa kwa simu aende duka la kampuni ya simu na kitambulisho, aombe karatasi ya miamala ya miezi sita. Angalia kwanza laini imeandikishwa kwa jina la nani. Nimeshaona watu wazima wanaotumia laini ya shemeji au ya mtoto aliyekwenda Goma kusoma. Mshahara unaingia kwa jina la mtu mwingine, halafu unataka ofisa aamini ni wako. Badilisha mapema, miezi kabla, uipe laini mpya muda wa kujaza historia. Na usikope dola 3,000 kwa mjomba uziingize wiki moja kabla ya kupeleka faili ili salio lipendeze. Pesa inayoingia kwa mkupuo bila maelezo, kwa mtu anayelipwa 300, inaharibu zaidi kuliko salio dogo.

Kwa wa Bisie na migodi mingine iliyo rasmi, kazi yenu ni nyepesi upande wa karatasi, kwa sababu kampuni ina fishi za mshahara na CNSS. Lakini tazameni mambo mawili. La kwanza, wengi hamkuajiriwa na mgodi wenyewe bali na kampuni ya usotretansi inayoleta walinzi, wapishi, madereva. Barua itoke kwa anayekulipa, itaje kwamba unafanyia kazi mgodini. La pili, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi pale Bisie tarehe 13 Machi 2025 M23 walipokuwa wanakaribia, Walikale-centre ikaanguka tarehe 19, na kazi ikaanza kurudi hatua kwa hatua kuanzia tarehe 9 Aprili, baada ya M23 kuondoka. Kama mshahara wako wa miezi hiyo ulipungua au ulichelewa, usiache pengo hilo likae kimya kwenye faili. Barua ilieleze kwa mstari mmoja. Vita si kosa lako na si aibu yako.

Wasio na mwajiri ndio wengi zaidi kwetu, na ndio wanaodanganywa zaidi. Mchimbaji wa Rubaya, PDG, yaani mwenye shimo, mama anayeuza mafuta ya mawese kutoka Walikale, mfugaji wa Masisi mwenye ng'ombe ishirini na maziwa yanayokwenda kwenye fromageri. Usitafute mtu ajifanye bosi wako! Fomu ya viza ina nafasi ya anayejitegemea, jaza hapo. Mfugaji aonyeshe kadi ya ushirika wake, kama ACOGENOKI, na karatasi kutoka kwa mwenye fromageri anayenunua maziwa: lita ngapi kwa wiki, bei gani, tangu lini, pamoja na kile kidaftari ambacho lita zinaandikwa kila asubuhi. Piga picha kurasa za kidaftari hicho. Wino uliolowa mvua na tone la maziwa juu yake havikuharibii chochote. Kinyume chake, ni kitu kilichotumika kweli. Mfanyabiashara aonyeshe patente au RCCM, risiti za kodi, na miamala ya simu. Mke anayeendesha duka lililoandikwa jina la mume apate barua ya mume inayosema wazi kwamba yeye ndiye anayeliendesha na kipato chake ni hiki, maana nimechoka kuona wanawake wanaolisha nyumba nzima wakijaza "hana kazi" kwenye fomu.

Kwa wachimbaji nina neno la uangalifu. Sheria ya madini inataka mchimbaji mdogo awe na kadi yake na awe ndani ya kooperativi. Kadi hiyo ni ushahidi wa kazi. Ila tangu 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na mwezi Februari 2025 Kinshasa iliandika machimbo ya Masisi kuwa mekundu, maana yake madini yake hayatakiwi kuuzwa. Agosti 2025 Marekani iliweka vikwazo juu ya kooperativi moja ya huko. Kwa hiyo barua ya kooperativi inaweza kukufungulia maswali ambayo hayahusu mshahara kabisa. Sikuambii udanganye. Nakuambia soma jina lililo kwenye kichwa cha barua kabla hujaibeba, na kama una kipato kingine cha kweli, shamba au duka, tanguliza hicho.

Mdhamini je? "Kaka yangu wa Bruxelles amesema atanilipia kila kitu, bado nahitaji barua yangu?" Ndiyo, unaihitaji. Kaka ataenda komini yake kufanya karatasi ya prise en charge, ataonyesha fishi zake za mshahara, na atabaki na deni la kisheria juu yako kwa miaka miwili ikiwa utakaa huko au utatibiwa bila kulipa. Mwambie hilo kabla hajasaini, ni ndugu yako. Kwa Ufaransa ni atestasyo ya makaribisho kutoka meri, na anayekaribisha analipa stempu ya euro 30. Ukiwa nayo, Ufaransa inataka uonyeshe euro 32.50 kwa siku; bila nyumba ya kufikia wala hoteli uliyolipia ni 120. Ubelgiji inahesabu euro 45 kwa siku kwa anayefikia kwa mtu, 95 kwa anayelala hoteli. Karatasi za kaka zinajibu nani atakulisha huko. Barua yako inajibu kwa nini utarudi Masisi, na hilo kaka hawezi kulijibu kwa niaba yako.

Na nyie waajiri mnaosoma hapa, nina ombi zito. Barua ya kazi si fadhila. Ninajua ofisi ambako mfanyakazi aliyetumika miaka minane anazungushwa wiki tatu kwa ukurasa mmoja, halafu anaombwa pesa ya sukari ili muhuri utoke kwenye droo. Wengine mnaogopa kwamba mtu akipata viza hatarudi na nyinyi mtaulizwa. Barua ya kazi haisemi kwamba mnamdhamini. Inasema mnamjua na mnamlipa. Wengine mnaogopa kutaja mshahara kwa sababu hamjamwandikisha CNSS. Hilo litengenezeni kwa CNSS, msimwadhibu yeye. Mfanyakazi ambaye hana mkataba wa maandishi, sheria inamruhusu kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine yoyote: listi, ujumbe wa simu, mashahidi. Ukimnyima barua hujaifuta kazi aliyokufanyia.

Upande wa muda, Schengen inapokea faili kuanzia miezi sita kabla ya safari, isiwe chini ya siku 15, na jibu linaweza kuchukua siku 15 hadi 45. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi hata ukikataliwa. Mkazi wa Kivu Kaskazini faili lake ni la Kinshasa, pale ambapo watu bado wanapaita Maison Schengen. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, kwa hiyo wa Masisi hesabuni njia ya Kigali, wa Walikale hesabuni Lubutu hadi Kisangani kisha ndege. Mliokimbilia Uganda na kuandikishwa Rwamwanja au Nakivale, nyinyi mnaishi huko kihalali. Ulizeni balozi zilizoko Kampala kwanza, msije mkatumia nauli ya Kinshasa bure. Barua ya kazi iwe ya mwezi uleule unaopeleka faili. Ukiiomba mapema mno itazeeka. Ukiiomba dakika ya mwisho mkubwa atakuwa misheni. Mimi ningeomba mwezi mmoja kabla, na nakala moja nibaki nayo, kwa sababu mwaka kesho utaulizwa tena, na maneno ya barua ya pili lazima yakubaliane na ya kwanza.

Ukikataliwa, soma karatasi ya jibu, usiitupe. Sababu imewekewa alama kwenye kisanduku chake. Kama ni nia ya kurudi wanayoitilia shaka, tatizo liko kwenye likizo na mikataba. Kama ni uwezo wa kujilisha, liko kwenye pesa na mdhamini. Kwa Ubelgiji una siku 30 za kupeleka malalamiko mbele ya baraza lao la kesi za wageni, na hapo ni vyema uwe na wakili. Wengi hawana pesa hiyo, na mara nyingi faili jipya lililorekebishwa linawafaa zaidi kuliko kesi. Ila usipeleke faili lilelile kwa bahati nasibu.

Muuguzi wangu wa Mweso, wewe anza kesho kwa mkubwa wa wafanyakazi wa shirika lako, ukiwa na mikataba yako yote ndani ya bahasha moja na tarehe za mafunzo zimeandikwa juu. Mwombe mhasibu nakala za listi siku hiyohiyo, kabla hajashuka Goma.